Jinsi ya kuunda wilaya ya bustani na michezo: mwongozo kwa wakazi wa jimbo la Washington

Kila kiangazi swali ni lilelile. Bwawa la kuogelea limefungwa, au lango la uwanja wa mpira limetiwa mnyororo, au nyasi zimefika magotini na hakuna wa kuzikata, na mtu ananipigia simu: "Kaka, tumwandikie nani barua?" Barua andikeni. Lakini sheria ya Washington inawaruhusu wakazi kuanzisha serikali yao ndogo yenye kazi moja tu, bustani na michezo, ikiwa na mipaka yake, kodi yake na makamishna 5 waliochaguliwa na wakazi. Hapa nitaiita wilaya ya bustani.

Si jambo geni. Tacoma wanayo tangu 1907. Kule North Bend, kaunti ilipobanwa na bajeti na kuanza kujitoa kwenye mabwawa na viwanja, wapiga kura waliunda wilaya ya Si View mwaka 2003 na kituo chao kikabaki wazi. Des Moines walifanya hivyo 2009 kwa ajili ya bwawa moja, na Tukwila 2011 kwa sababu hiyohiyo. Tukwila baadhi yenu mnaifahamu vizuri, ndiko mlikofikia mlipotoka kwenye kambi za wakimbizi. Watoto wetu wanakua kandokando ya Mto Green, ambao maji yake ni baridi hata Julai. Mahali pa kuwafundisha kuogelea si anasa.

Nilikuwa kwenye kamati moja ya namna hii kusini mwa Kaunti ya King, na maswali ninayoulizwa ndiyo tuliyokuwa tunajiuliza sisi. Nayajibu hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Yote yanahusu Washington; ukiwa Oregon, Colorado au Illinois, wilaya za aina hii zipo lakini sheria ni nyingine.

Kwanza kabisa, uraia

Ombi la kuunda wilaya husainiwa na wapiga kura waliojiandikisha, yaani raia wa Marekani. Mwenye green card haruhusiwi kusaini wala kupiga kura, hata kama analipa kodi ya nyumba na hata kama jirani amemwambia "hakuna atakayejua". Asiye raia akijiandikisha kupiga kura anaweza kupoteza haki ya kuishi nchini. Simameni imara hapa. Asiye raia anaweza kufanya mengi mengine: kuja vikaoni, kuzungumza mbele ya baraza la kaunti, kutafsiri, kupika, kupanga viti. Mwenye green card anaweza pia kuchangia fedha za kampeni. Asiye na green card asichangie hata dola moja kabla ya kumuuliza mwanasheria.

Mnachohitaji kabla ya kuanza

- Watu 6 hadi 10 wa kamati. Angalau 5 wawe wapiga kura wanaoishi ndani ya eneo lenyewe, na angalau mmoja awe mwenye nyumba, kwa sababu bili ya kodi itafika mlangoni kwake na mnahitaji kusikia hofu yake mapema.
- Ramani ya eneo inayoonyesha vituo vya kupigia kura, mipaka ya manispaa na mipaka ya shule.
- Saa chache za mwanasheria anayejua serikali za mitaa. Wa uhamiaji au wa ajali za barabarani hatatosha.
- Fedha kidogo za uchapaji na matangazo. Kwa aina moja ya wilaya, sheria inataka wasainiji wawili au zaidi waahidi kwa maandishi kulipa gharama za tangazo. Jueni ni akina nani kabla ya siku hiyo.
- Muda. Jiandaeni kwa mwaka mmoja hadi miwili.

Hatua ya 1: Chora mpaka

Nimeuweka mpaka mbele ya kila kitu kwa sababu ndio unaoamua nani atasaini, nani atapiga kura, nani atalipa na kiasi gani kitapatikana. Kamati nyingi huanza na jina na nembo. Anzeni na mstari.

Sisi tulitandaza ramani juu ya meza ya jikoni, pembe zake tukazikandamiza kwa vikombe vya chai. Tulizungushia kalamu nyekundu fleti walizojaa watoto wetu, na nyumba za kule mlimani tukaziacha nje, tukiamini kwamba watu wa kule wangepinga. Ulionekana mpaka wa busara. Kisha dada mmoja, mhasibu, akajumlisha thamani ya majengo yaliyokuwa ndani ya ule mstari. Kodi yote ya mwaka isingetosha hata kulipa waokoaji wa bwawa. Tulipanda mlimani kugonga milango, na tukakuta wajukuu wa kule nao hawana pa kuchezea.

Fuateni mistari iliyopo tayari: mipaka ya wilaya ya shule, au mipaka ya vituo vya kupigia kura. Ukifuata vituo, idadi ya wapiga kura unaipata kwa kuomba tu. Ukichora mstari wako mwenyewe katikati ya mtaa, utahesabu nyumba kwa nyumba. Wala msivute mpaka hadi kwenye mashamba ya mbali ili kupata kodi. Baraza la kaunti linaweza kuliondoa eneo lisilonufaika, na wenye mashamba watakuja kikaoni kwa wingi.

Mpaka ukigusa manispaa, nendeni mkazungumze na baraza lake mapema. Msisubiri walisome jambo hili gazetini.

Hatua ya 2: Chagua aina ya wilaya

Mtasikia majina matatu. Mawili ndiyo yenye uzito kwenu.

*Wilaya kuu ya bustani*, ile ya Tacoma na Si View. Ikipitishwa kwa zaidi ya nusu ya kura, inapata papo hapo mamlaka ya kutoza kodi ya mali hadi senti 75 kwa kila dola 1,000 za thamani, na haihitaji kurudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka michache.

*Wilaya ya bustani na burudani*. Kuiunda kunahitaji zaidi ya nusu ya kura, lakini kodi yake, isiyozidi senti 60 kwa kila dola 1,000, inahitaji asilimia 60 ya kura, na hudumu miaka 6 tu kabla ya kuombwa tena. Kuna pia sharti la idadi ya waliojitokeza, kwa hiyo muulizeni msimamizi wa uchaguzi mapema.

Aina ya tatu husimamiwa na kaunti yenyewe. Kama shida yenu ni kwamba kaunti imeshindwa kulitunza eneo, hiyo haiwasaidii.

Maoni yangu: ile kuu ni ngumu kuwauzia watu, kwa sababu wanaona mnaomba ufunguo wa kudumu, lakini ndiyo inayoweza kuajiri mtu na kumhakikishia kazi. Bainbridge Island waliishi na ile ya miaka 6 tangu miaka ya 1960, na mwaka 2004 wakahamia kwenye wilaya kuu. Mtu aliyewahi kuomba asilimia 60 mara tatu mfululizo ataelewa.

Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya kumwahidi mtu chochote

Mwombeni mthamini wa kaunti mambo mawili. La kwanza ni jumla ya thamani ya mali ndani ya mpaka wenu. Kama ni dola bilioni 1, senti 60 zinaleta dola 600,000 kwa mwaka. Senti 30 zinaleta 300,000. Kwa mwenye nyumba ya dola 500,000, senti 60 ni dola 300 kwa mwaka, yaani 25 kwa mwezi. Hesabu hiyo muiweke kichwani, kwa sababu ndiyo mtakayoulizwa kwenye kila mlango.

La pili, ambalo wengi hulisahau: nafasi iliyobaki chini ya dari. Kodi za serikali za mitaa zikijumlishwa, kaunti, manispaa, zimamoto, maktaba na nyinginezo, zina kikomo cha dola 5.90 kwa kila dola 1,000. Kikomo kikivukwa, wadogo ndio hukatwa, na wilaya za bustani ni miongoni mwa wa kwanza. Mnaweza kushinda uchaguzi kwa kishindo kisha mkakuta kodi yenu imeliwa na dari. Ombeni jibu kwa maandishi.

Jueni pia kwamba makusanyo hayawezi kupanda kwa zaidi ya asilimia 1 kwa mwaka bila ridhaa ya wapiga kura, ukiacha kinachotokana na majengo mapya. Mishahara na umeme wa bwawa hupanda kuliko hapo.

Na mpangaji asiseme hayamhusu. Mwenye fleti ataitia kodi hiyo kwenye pango. Mwambieni ukweli huo kabla hajaambiwa na mpinzani.

Hatua ya 4: Andika ombi

Ombi liwe na maelezo kamili ya mpaka, lengo la wilaya, na kauli kwamba itanufaisha eneo na wakazi wake. Mwanasheria alisome kabla halijachapwa. Kosa moja kwenye maelezo ya mpaka linaweza kuziharibu saini zote zilizo chini yake, kwa sababu watu watakuwa wamesainia eneo jingine.

Kwa wilaya kuu kuna njia ya mkato: baraza la kaunti au la manispaa likipitisha azimio la kupeleka pendekezo kwa wapiga kura, hamhitaji saini hata moja. Jaribuni. Hata wakikataa, mtajua nani yuko upande wenu.

Hatua ya 5: Kusanya saini

Kiwango ni asilimia 15 ya wapiga kura waliojiandikisha ndani ya mpaka. Wakiwa 4,000, mnahitaji 600. Msiende na 600. Nendeni na 780 au 800, kwa sababu nyingi zitakataliwa.

Zinakataliwa kwa nini? Mbele ya duka la vyakula tulikuwa na meza, na mzee mmoja, raia halali, mpiga kura kila mwaka, alisaini kwa mwandiko mzuri kuliko wote: "Baba Furaha". Ndivyo mtaa mzima unavyomjua. Kwenye daftari la wapiga kura hakuna Baba Furaha. Ndugu zetu kutoka Kongo wana shida nyingine: kambini majina yaliandikwa kwa mpangilio mmoja, kwenye cheti cha uraia mwingine, na wanaposaini hurudi kwenye ule wa shuleni. Wengine wamehama fleti mara mbili bila kubadilisha anwani, na kumbe walikohamia ni nje ya mpaka.

Kwa hiyo:

1. Kabla mtu hajashika kalamu, mwulize, "Umejiandikisha kwa jina gani, na kwa anwani ipi?"
2. Mwonyeshe jinsi ya kuangalia usajili wake kwenye VoteWA, tovuti ya jimbo ya wapiga kura, papo hapo, kwa simu yake mwenyewe.
3. Jina lichapwe wazi pembeni ya saini, na anwani iwe kamili pamoja na namba ya fleti.
4. Asisaini kwa niaba ya mke, mume au mtoto mkubwa. Kila mtu kwa mkono wake.
5. Asisaini mara mbili, hata akiwa hana hakika kama alisaini wiki iliyopita. Tafuteni jina lake kwanza.
6. Kila Jumapili jioni, watu wawili wakague fomu za wiki hiyo. Msikae nazo miezi mitatu.

Fomu zote mziwasilishe kwa odita wa kaunti. Usipotoshwe na jina: katika kaunti nyingi za Washington odita ndiye anayesimamia uchaguzi, ingawa Kaunti ya King ina ofisi ya uchaguzi ya pekee. Pigeni nakala ya kila ukurasa kabla ya kuutoa mkononi.

Hatua ya 6: Kikao cha kusikiliza wananchi

Kwa wilaya ya bustani na burudani, saini zikithibitishwa, kaunti hutangaza kikao. Katika baadhi ya kaunti kuna pia bodi ya mipaka inayopitia pendekezo, na hiyo huongeza miezi. Ulizeni siku ya kwanza.

Mzungumzaji hupewa dakika chache tu. Gawaneni: mmoja azungumze mpaka, mmoja hesabu, mmoja mtoto wake. Anayezungumza Kiswahili aombewe mkalimani mapema, siyo asubuhi ya kikao. Msiwalete watu 40 wanaorudia sentensi moja. Mleteni mwenye nyumba wa mlimani.

Hatua ya 7: Tarehe, wagombea na kampeni

Tarehe ya uchaguzi ina thamani ya fedha. Kwa kawaida mpaka wa wilaya unapaswa kuwa umekamilika kufikia 1 Agosti ili kodi itozwe mwaka unaofuata. Kodi ya mali Washington hulipwa kwa nusu mbili, 30 Aprili na 31 Oktoba. Mkishinda uchaguzi maalum wa Februari au Aprili, fedha za kwanza zinaweza kufika majira ya kuchipua ya mwaka unaofuata. Mkishinda Novemba, mmeshapitwa na Agosti, na mtakaa karibu mwaka mmoja na nusu na wilaya isiyo na senti.

Makamishna 5 huchaguliwa kwenye karatasi ileile ya kura inayouliza kama wilaya iundwe. Wilaya ikikataliwa, kura zao nazo zinabatilika. Siku za kujiandikisha wagombea ni chache, na zikipita zimepita. Wilaya kuu ikiwa yote ndani ya manispaa moja, inawezekana madiwani wakawa ndio makamishna. Amueni mapema kama mnalitaka hilo.

Kamati ya kampeni lazima ijiandikishe PDC, tume ya jimbo inayosimamia fedha za kampeni, ndani ya wiki 2 tangu mtarajie kupokea au kutumia fedha. Makosa niliyoyaona hapa ni ya watu wema: kuchapa vipeperushi kwa mashine ya shule, kutuma ujumbe wa kampeni kwa barua pepe ya kazi ya serikali. Mali ya umma haigusi kampeni. Kanisa au msikiti unaweza kuzungumzia pendekezo, lakini usimpigie debe mgombea.

Mlangoni, anayesema "kodi tena?" msibishane naye. Mpe ile hesabu ya dola 25 kwa mwezi, mwambie zitanunua nini, kisha nyamaza asikike yeye. Wazee wa miaka 61 na zaidi wenye kipato kidogo wanaweza kuomba nafuu ya kodi kwa mthamini. Beba fomu hizo mkononi. Tuliwahi kumsaidia bibi mmoja kujaza yake na hatukumuuliza atapigaje kura.

Hatua ya 8: Baada ya ushindi

Makamishna waape, wachague mwenyekiti, wapitishe bajeti, wakate bima. Bwawa na uwanja havihamii kwenu vyenyewe: vinabaki mali ya kaunti au manispaa mpaka muandikiane mkataba. Kabla ya kuusaini, mleteni fundi aangalie paa, pampu na mabomba. Kukabidhiwa bwawa linalovuja ni kukabidhiwa deni.

Na hili la WhatsApp. Sheria ya vikao vya wazi, ya mwaka 1971, inawabana makamishna. Watatu kati ya 5 wakijadili mambo ya wilaya kwenye kikundi cha simu, hicho kinaweza kuhesabiwa kuwa kikao kilichofanyika kwa siri. Siku ya kiapo, makamishna watoke kwenye kikundi cha kamati.

Ukikwama

*Saini zimepungua.* Ombeni orodha ya zilizokataliwa na sababu zake, kisha mwulizeni odita kama mnaruhusiwa kuongeza au mnaanza upya. Mara nyingi tatizo ni la aina moja, kama vile anwani za jengo moja la fleti.

*Baraza limekata sehemu ya eneo.* Rudieni hesabu ya Hatua ya 3 usiku uleule. Kama kilichobaki hakitoshi kuendesha mlichoahidi, ni afadhali kurudi nyuma kuliko kwenda kwenye kura na ahadi isiyowezekana.

*Wilaya imepita, kodi imekataliwa.* Hutokea kwa ile ya asilimia 60. Wilaya ipo kisheria na inaweza kupokea misaada na kutoza ada ndogo. Endesheni kitu kimoja watu wakione, ligi ya watoto ya Jumamosi kwa mfano, kisha rudini kwenye kura na kiwango cha chini zaidi.

*Hakuna anayetaka kugombea.* Kwa kawaida watu huogopa Kiingereza cha vikaoni. Mpeleke mtu huyo kwenye kikao cha wilaya jirani akae nyuma, asikilize saa moja. Wengi hurudi wakisema, "Kumbe ni hayo tu?"

*Fedha zimechelewa na bwawa linataka joto.* Mweka hazina wa kaunti ndiye anayewashikia fedha mwanzoni. Mwulizeni njia za kukopa kwa muda hadi makusanyo ya Aprili. Shirika la MRSC hujibu bila malipo maswali ya kisheria ya wilaya za bustani, kwa hiyo pigeni simu huko kabla ya kumlipa mwanasheria saa nyingine.